Waya wa Shaba na Simu ya Mama

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza. Sisemi hivi kwa kujisifu, ingawa najisifu pia, maana nikimwachia mtu mwingine kazi hiyo ataifanya vibaya. Nimeliona lori langu mwenyewe likirudi kinyumenyume kwenye mteremko wa Kitonga, limejaa nyanya, na dereva keshajirusha zamani. Nimekataliwa mkopo benki asubuhi, na jioni ofisa yuleyule akaja dukani kwangu kuniomba saruji ya kukopa. Nimelala sokoni, nimelala kwenye magunia ya vitunguu, na sasa nalala kwenye nyumba yenye vyumba ambavyo vingine sijui hata kazi yake. Shule niliishia la saba, tena kwa kusukumwa. Mengine yote nimesomea barabarani, kati ya Ruaha Mbuyuni na Mbeya.

Basi kaa vizuri nikueleze jinsi waya mwembamba kuliko kamba ya kiatu ulivyonikamata.

Nyumba yangu iko Iringa, pembeni ya mji, chini ya jabali kubwa kama kanisa. Jabali linazuia upepo, na linazuia pia mnara wa simu. Ukitaka simu ya mkononi ishike sawasawa, panda juu ya tanki la maji. Duka langu la vifaa vya ujenzi liko Mbeya, na anayeliendesha ni mke wangu, Mnyakyusa wa Tukuyu, mwanamke asiyecheka na mteja mpaka hela iwe mezani. Sheria ya duka niliiweka mimi: hakuna mtu anayetoka na msumari bila kulipa, hata mwenye duka. Wengi walioanza biashara na mimi walikuwa wanachukua bure dukani kwao. Waulize leo wako wapi.

Nyumba hiyo niliijenga kwa hasira, na hasira yenyewe ilianzia Ilula. Nilikuwa kijana nauza nyanya kwa ndoo kwa wasafiri. Kulikuwa na mwenye duka mmoja mwenye simu ya mezani. Siku moja nilimwomba nipige Mbeya kwa hela yangu, nimuulize mnunuzi kama anazitaka nyanya kabla hazijalainika. Akanitazama miguu. Akasema, "Simu hii si ya watu wa matope." Nyanya zikaoza, nikawapa nguruwe wa jirani. Siku ile nilijiapia kwamba nikijenga nitaweka simu hata chooni.

Nikajenga, nikaweka. Wakati huo kila mtu alishahamia simu za mkononi na mafundi walinicheka waziwazi, lakini nilivuta laini ya mezani kutoka barabarani na kila chumba kikapata soketi yake ya simu ukutani. Sebuleni, vyumbani, jikoni, stoo ya mahindi. Chooni pia, ndiyo, njoo uone. Nyaya za ndani nilizivuta mwenyewe. Waya wa simu uliponiishia niliunga wa kengele ya mlango, na zote nilizipitisha kwenye bomba moja na waya wa umeme, nisinunue bomba mara mbili. Nilisimama katikati ya nyumba nikasema, huu ndio ufundi.

Soketi ya mwisho iko nyumba ndogo ya uani, kwa mama yangu. Kwetu Uhehe mtu mzima haanzi siku kabla hajamwamkia mzazi wake, na mama miguu imemchoka, na uani masika ni tope tupu. Kwa hiyo tulijitungia utaratibu. Redio ikianza kusoma habari za asubuhi, mimi nanyanyua mkono wa simu sebuleni, naye ananyanyua wa kwake. Simu inanguruma katikati yetu na sisi tunaongea juu ya ule mngurumo.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, mwanangu. Umeamka?"

"Nimeamka."

"Mbona sauti kama ya mtu aliyelala? Haya, kanywe uji."

Wenye akili zao watasema ningeweza kumpigia kelele kupitia dirishani. Ningeweza. Lakini mama yangu ambaye hakuwahi kugusa simu mpaka nywele zilipokuwa nyeupe, mwache anyanyue simu yake.

Sasa binti yetu wa mwisho. Huyu ana jina la mama yangu, kwa hiyo mimi namwita mama, na bibi yake anamwita mwenzangu. Amesoma chuo Dar es Salaam. Mwaka juzi akarudi nyumbani na kompyuta begani, akatuambia amepata kazi ya kufundisha Kiswahili, wanafunzi wako nje, yeye anafundisha akiwa palepale chumbani kwake. Sikushangaa. Nilisema tu, "Yaani mtu amekaa kwenye barafu huko, na wewe umekaa hapa na kitenge, na anakulipa?"

"Ananilipa, baba. Ila laini ikiwa imara."

Jioni alikuwa anamsomea bibi kitabu cha nyimbo, macho ya mama hayaoni tena herufi ndogo, na wanaimba wote wawili, mmoja kwa Kiswahili, mwingine anaingiza Kihehe anapotaka. Nyumba ikawa na watu. Nilikuwa nakaa barazani najifanya nasoma gazeti.

Ile shule yake ya mtandaoni ilimpa mwezi mmoja wa majaribio. Wiki ya pili alikuja mezani uso umemshuka.

"Baba, masomo yanakatika. Kila nikianza tu, picha inaganda, halafu inapotea. Wamenipa mpaka mwisho wa mwezi. Ikiendelea hivi wananitaka nikakae Dar, kwenye chumba chenye mkongo."

Mkongo ni ule waya wa kioo unaopitisha mwanga. Kwetu haujafika. Kwetu bado ni waya wa shaba, uleule wa simu ya mezani, ndio unaobeba na mtandao.

Mama yangu aliweka kijiko chini. Alimtazama mjukuu wake kama mtu anayehesabu nguo zilizobaki kwenye kamba wakati mvua inakuja.

"Hakuna anayekwenda Dar," nikasema. "Kama shida ni hela, nalipa."

"Shida hatuijui, baba. Tupime kwanza."

Akanifundisha kupima, na leo mtaani kwetu kote hakuna mtu anayepima laini kunishinda. Kompyuta unaichomeka kwenye modemu kwa waya, usipime kwa ile ya hewani, maana ukuta wa tofali nao unakula chake. Unazima kila kitu kingine kinachotumia mtandao, ikiwemo simu ya baba anayeangalia mpira. Kisha unapima asubuhi, mchana na jioni. Majibu yanakuja mawili, kasi ya kushuka na kasi ya kupanda, na ya kupanda kwa waya wa shaba huwa ndogo sana. Hapo hakunieleza mara mbili. Mimi ni mtu wa Kitonga, najua lori linavyoshuka na linavyopanda.

"Tumelipia mega nane," akasema. "Inayofika ni moja na nusu."

"Mwizi nani?"

"Ndiyo tunamtafuta."

Mimi sina subira ya kutafuta. Kesho yake nikaenda mjini nikalipia kifurushi cha mega ishirini. Tukapima. Moja na nusu. Basi nikapanda juu ya tanki la maji na simu ya mkononi nikapiga huduma kwa wateja. Akapokea dada mmoja mwenye sauti tamu.

"Laini yangu imekuwa nzito," nikamwambia.

"Pole sana, baba. Zima simu, toa laini, ipanguse kwa kitambaa laini, halafu irudishe."

"Nitaitoaje? Imefungwa kwenye nguzo."

"Laini iko kwenye nguzo, baba?"

"Inaanzia kwenye nguzo, inapita kwenye mianzi ya jirani, inaingia ukutani."

"Baba, hiyo ni laini ya simu au ya kuanikia nguo?"

Tulipoelewana kwamba yeye anasema kile kikadi cha simu ya mkononi na mimi nasema waya, alicheka mpaka na mimi nikacheka, nikakaribia kuteleza kwenye tanki. Lakini alituma fundi.

Fundi alikuwa mwanamke, mnene kiasi, ana ngazi juu ya gari na mdomo usiolala. Mbwa wangu alimkimbilia, akasimama akamtazama.

"Mzee, huyu ni wa ulinzi au mnamnenepesha kwa Krismasi?"

"Utani wa Wahehe kula mbwa nimeuzoea. Wewe mtu wa wapi?"

"Tukuyu."

"Basi nimekusamehe. Nimeoa hukohuko."

"Kumbe shemeji!" Akashusha ngazi. "Sasa ndiyo nitakutukana vizuri."

Akanieleza kwamba kwenye shaba umbali ni kila kitu. Kutoka kituo cha simu mpaka kwangu ni zaidi ya kilomita tatu za waya, na kila mita inapunguza. Hata nikilipia mega mia, kwa umbali ule haziwezi kufika. Hilo nililielewa kuliko alivyodhani. Nimelima vitunguu Ruaha Mbuyuni. Maji unayafungulia kwenye mfereji mkuu yakiwa na nguvu, shamba la kwanza linakunywa, la pili linakunywa, na wewe wa mwisho unapata cha kunawia mikono.

Alipanda nguzo. Juu kule kiungo cha waya kilikuwa kimejaa maji ya mvua na sisimizi wamehamia. Akakata, akaunga upya, akafunga vizuri. Tukapima, tatu. Nikapiga makofi.

"Subiri," akasema. Akafungua soketi kubwa, ile ya kwanza pale waya unapoingia nyumbani, akazitoa nyaya zangu zote za ndani, akachomeka modemu palepale. Tukapima.

Saba nukta mbili.

Akazirudisha nyaya zangu. Tatu. Akazitoa. Saba. Alifanya hivyo kama mtu anayewasha na kuzima taa ili mlevi ajue swichi ni ipi.

"Shemeji, kampuni inakuletea saba mlangoni. Nne zinaliwa humu ndani. Nani alivuta nyaya hizi?"

"Fundi mmoja," nikasema.

"Yuko hai? Ameunga waya wa kengele! Amelaza na waya wa umeme kitanda kimoja! Na hizi soketi zote ni za nini? Kila tawi lisilo na kitu mwishoni, mawimbi yanaingia, yanagonga ukuta, yanarudi kuwavuruga wenzao." Akafungua mlango mwingine. "Mungu wangu. Mpaka chooni?"

Binti yangu alikuwa amesimama kwenye korido amejiziba mdomo kwa kitenge. Mabega yanatikisika.

"Nyaya alivuta baba mwenyewe," akasema.

"Shemeji," fundi akasema polepole, "chooni ulikuwa unampigia nani?"

Nilikaa. Sikuwa na hasira naye. Nilikuwa namwona yule mwenye duka wa Ilula anavyonitazama miguu, na nikaona soketi zangu zote ukutani zimekaa kimya miaka yote hiyo, hazijawahi kupigiwa na mtu yeyote. Mifereji ya pembeni. Nimewahi kumfukuza kibarua shambani kwa kuchimba mifereji kama hiyo.

"Lete koleo," nikamwambia binti yangu.

Nilizing'oa mwenyewe, chumba kwa chumba, na ya chooni niling'oa ya kwanza ili watu waache kucheka. Nilibakiza moja, ya uani kwa mama, nikamvutia fundi waya mpya kabisa aunge yeye. Tukapima. Sita nukta tano. Fundi akakaa kunywa chai na mahindi ya kuchemsha, binti akaingia chumbani kuanza somo, sauti yake ikatoka dirishani, "Habari za leo? Hamjambo?", na mimi nikainua kikombe kujipongeza.

Taa ya modemu ikazimika.

Fundi akaweka hindi chini. "Hii sasa si waya," akasema. "Kuna mtu amenyanyua simu."

"Simu imebaki moja tu."

Tukatazamana. Nikavuka uani.

Mama alikuwa amekaa kitandani, amejifunga khanga yake nzuri, mkono wa simu sikioni. Aliponiona aliziba mdomo wa simu kwa kiganja.

"Nyamaza. Mwenzangu anafundisha."

"Unamsikia, mama?"

"Yeye simsikii. Nawasikia wazungu wake." Akanipa simu. Nikasikiliza. Shhhh, kama mvua juu ya bati. "Unasikia? Wanaongea wote kwa pamoja, hawana adabu. Kila siku nawaambia Kamwene, labda watanyamaza wamsikilize mtoto."

Kila siku. Mama aliambiwa mjukuu wake anaongea na watu wa nje kupitia waya wa simu, na waya wa simu aliokuwa anaujua ni ule, na kwenye waya ule ukinyanyua unamsikia aliye upande wa pili. Mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha hivyo. Kwa hiyo kila aliposikia "Hamjambo" dirishani, alinyanyua ili awepo. Na kila aliponyanyua, alimkata.

Wewe niambie, kwa jambo kama hilo mtu anacheka au analia? Nilifanya vyote, nikasema ni moshi wa jikoni.

Binti alikuwa ameshafika mlangoni, na fundi nyuma yake.

"Simu bila kinga ndiyo inaua laini," fundi akasema, na kwa mara ya kwanza alisema taratibu. "Tuikate tu hii, shemeji."

Mama akaelewa. "Kama hiki ndicho kinamfukuza mwenzangu, kitoeni," akasema. Akaninyooshea mkono wa simu. Lakini mkono wake mwingine ulikuwa umeshika waya na haukuachia.

"Bibi, hapana," binti yangu akasema. "Bora niende Dar."

"Hakuna anayekwenda Dar na hakuna anayekata kitu," nikasema. "Fundi, umesema simu bila kinga. Kinga ni nini?"

"Kuna kidude kinaitwa filta. Kinakaa kati ya simu na ukuta. Sauti kinaipitisha, mtandao kinauzuia usiingie kwenye simu, hakuna anayemgusa mwenzake. Ila sisi stoo zimekwisha, na haziletwi tena. Nani siku hizi ana simu ya mezani?"

Mimi. Na mimi pia ndiye niliyenunua kwa jumla mabaki ya duka moja la simu lililofungwa Mbeya, maboksi ambayo mke wangu ameyalaani miaka mingi kwa kula nafasi ya rangi na misumari. Somo la mwisho la majaribio lilikuwa Ijumaa. Alhamisi alfajiri nilikuwa barabarani.

"Ugonile, mke wangu," nikamwambia nilipofika.

Hakuinua macho kwenye kaunta. "Ukinisalimia kwa Kinyakyusa kuna kitu unataka bure."

Nikamweleza yote. Nilipofika kwenye wazungu wasio na adabu alicheka hadi akashika kaunta, halafu akajifuta macho kwa upande wa kitenge. Akaingia stoo, akatoka na vumbi mpaka kwenye nyusi na kiboksi kidogo mkononi. Filta. Nikanyoosha mkono. Akarudisha wake nyuma.

"Lipa."

"Sasa hivi sijui hata kama inafanya kazi. Imekaa miaka. Nikalipie kitu kibovu?"

"Sheria ya duka ni ya nani?"

"Ya kwangu."

"Haya. Kwa ajili ya mama nakupa ukajaribu. Ikikataa, irudishe na boksi lake. Ikikubali, tuma hela. Na koti acha hapa."

"Koti? Makambako nitapitaje?"

"Kwa kasi," akasema.

Nimepita Makambako jioni bila koti, kioo cha dirisha la kushoto hakipandi, upepo unaingia kwenye mifupa. Nilikuwa natetemeka na kuimba.

Ijumaa fundi alikuja ingawa hakuitwa. Alisema anapita, lakini mtaa wetu hauendi popote. Alichomeka filta kwa mama, na mama alimwangalia kama daktari anayemdunga mtoto sindano. Binti akaanza somo. "Habari za leo? Hamjambo?" Mimi nikasimama mbele ya modemu, nikainua mkono, fundi aliyekuwa uani akampa mama ishara. Mama akanyanyua simu.

Taa haikuzimika. Ilikaa, kijani, imetulia. Chumbani binti yangu alikuwa anawafundisha wageni wake tofauti ya "pole" na "samahani", wanachanganya, wanacheka, na picha inakwenda kama maji.

Mara simu ya sebuleni, niliyoirudisha pale kwenye soketi kubwa, ambayo fundi alisema ina kinga yake ndani, ikalia. Nikaruka kama nimeumwa na nyuki. Nikanyanyua. Taa bado kijani.

"Imekubali?" Ni mke wangu, kutoka Mbeya.

"Imekubali! Tunaongea hapa na mtoto anafundisha, waya mmoja, hakuna anayemgusa mwenzake!"

"Kamwene, mkwe wangu," sauti nyingine ikaingia katikati. Mama alikuwa bado hajaweka simu yake chini.

"Kamwene, mama! Unanisikia vizuri?"

"Vizuri mno. Wale wazungu wameondoka, pametulia. Mwenzangu haendi tena?"

"Haendi, mama. Ila mwanao ana deni langu hapa, na nimeshika koti lake."

"Mwanangu," mama akasema, kwa sauti ile ya kuniambia nikanywe uji, "mlipe mwenzio."

Nikapanda juu ya tanki la maji, ambako simu ya mkononi inashika, nikamtumia hela yake. Shilingi elfu nane na mia tano.